Maisha ya Mzee Anastazi Habonimana, Muuza Nyama wa Runazi, na Kovu la Moyo Wake

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu wa makanisa mengine, Bwana Yesu asifiwe.

Baba Paroko, wazee wa Runazi na wa Murukulazo, viongozi wa kitongoji, ndugu, majirani na wateja wa marehemu, wakubwa wote shikamooni. Mimi ninayesoma ni Niyonsaba, mke wa Ndizeye, mkamwana katika nyumba hii. Wengi wenu mnajua kwamba kwa mila za kwetu mkamwana hatamki jina la baba mkwe wake, hata akiulizwa njiani husema Baba Jovina au hunyamaza, kwa hiyo kabla sijaanza naeleza kwamba wazee wa ukoo walikaa jana wakaniruhusu nilitamke leo, kwa kuwa marehemu mwenyewe aliomba historia yake isomwe na mimi. Mama Restuta, mjane wa marehemu, na wifi yangu Jovina ndio walionipa tarehe na majina, na mahali ambapo nitakuwa nimepunguza, naomba wazee mnisamehe.

Marehemu Mzee Anastazi Habonimana alizaliwa tarehe 14 Agosti 1956 huko Murukulazo, wilaya ya Ngara, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Niyibizi na mkewe, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki. Alibatizwa Rulenge mwaka huo huo, na baadaye akapata Komunyo ya kwanza na Kipaimara huko huko, na mpaka uzee wake alipenda kusimulia kwamba siku ya Kipaimara alitembea kwa miguu kutoka Murukulazo akiwa amebeba viatu vya kaka yake mkononi ili visichafuke, akavivaa mlangoni mwa kanisa, akagundua kwamba vinambana, akasimama mbele ya Askofu akiwa anachechemea.

Alianza shule ya msingi kijijini kwao mwaka 1965 na kumaliza darasa la saba mwaka 1971. Hakuendelea na masomo, kwa sababu baba yake alikuwa na ng'ombe na hakuwa na mtu wa kuwachunga, na marehemu alikubali bila kinyongo, akachunga kwa miaka saba. Ng'ombe wa wakati ule walikuwa wa pembe ndefu, walikuwa wakigombana penye maji, na waliochomwa pembe ndio aliowashughulikia yeye, akiwaosha vidonda kwa maji ya chumvi na kuwafukuzia nzi, ndiyo maana tangu akiwa kijana alijua jinsi nyama inavyofunga taratibu.

Mwaka 1978 alihamia Biharamulo, akafika hapa Runazi kwa mjomba wake, na akapata kazi kwenye bucha ya Mzee Ntirampeba, ambaye alimfundisha kukata nyama kwa kufuata viungo badala ya kutumia nguvu. Tarehe 2 Aprili 1984 alifungua bucha yake mwenyewe, ile ile ambayo wengi wenu mmenunua nyama humo, na aliiendesha kwa miaka zaidi ya arobaini. Hakuwahi kuuza nyama ambayo mkaguzi hajaigonga muhuri, na hilo aliliheshimu hata siku za sikukuu ambapo watu walikuwa wamejaa mlangoni na mkaguzi amechelewa. Wateja walimpenda kwa maneno yake. Mama mmoja akilalamika kwamba amewekewa mifupa mingi, marehemu humjibu, "Mama, huyu ng'ombe asingekuwa na mifupa angefikaje Runazi?" Na mzee Malongo, ambaye ni mjomba wangu mimi, alikuwa kila akija anaikagua nyama kwa kuigeuza mara nyingi, mpaka siku moja marehemu akamwambia, "Shemeji, wewe nunua, usiioe."

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Restuta tarehe 23 Novemba 1985, huko Rulenge alikozaliwa Mama. Mama ameniruhusu niseme kwamba mwanzoni alimkataa, aliwaambia dada zake kwamba hawezi kuolewa na mwanaume anayefuatwa na mbwa wote wa gulio, na marehemu aliposikia hivyo alikwenda kwao akiwa ameoga kwa sabuni ya kufulia na amefuatwa na mbwa mmoja tu, akamwambia baba yake Restuta, "Mzee, wengine nimewaacha nyumbani." Mungu aliwajalia watoto watatu, ambao ni Jovina, aliyezaliwa mwaka 1987 na ameolewa Rulenge, Bizimana, aliyezaliwa mwaka 1990, na Ndizeye, mume wangu, aliyezaliwa mwaka 1996.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na hapa naomba mnisikilize kwa utulivu, kwa sababu tangu Jumanne alipofariki maneno yamekuwa mengi, na familia imetaka jambo hili lisemwe mbele ya watu wote na siyo pembeni. Wifi Jovina ameyasoma haya niliyoandika kabla yenu na amesema yasomwe yote, hata yanayomhusu yeye.

Katikati ya mwezi Juni 2020 marehemu alikwenda Murukulazo kuwasaidia kaka zake kuvuna maharage. Akiwa shambani alishikwa na maumivu kifuani, mazito kama mtu amemkalia, yakashuka mkono wa kushoto, akatokwa na jasho la baridi na kutapika. Kaka zake walidhani ni vidonda vya tumbo, wakampa maziwa, akalala siku chache, halafu akapanda pikipiki akarudi Runazi na kufungua bucha. Hakwenda hospitali. Mama anasema kuanzia hapo kila akimaliza kuinua paja la ng'ombe na kulitundika alikuwa anakaa kwenye benchi, jambo ambalo hakulizoea, na akiulizwa anajibu, "Mama Jovina, huu ni uzee, na wewe jiandae, unakuja njia hii hii."

Jumamosi tarehe 17 Oktoba 2020 marehemu na wazee wenzake walikuja nyumbani kwetu kuniposa kwa ajili ya Ndizeye. Mama yangu mzazi ni Mukandayisenga, mjane, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda zamani wakaja kukaa huku, ni mkulima wa maharage na mihogo, na ameokoka kwa muda mrefu, hanywi pombe. Lakini wageni walikuwa Wakatoliki na ni wazee, akaona akiwapa soda tu watasema amewadharau, kwa hiyo alimwomba jirani ampikie rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Nyote mnajua desturi, anayempa mgeni kinywaji hukionja kwanza mbele yake, ili mgeni anywe bila wasiwasi, na kwenye posa ndiyo kabisa haiachwi. Kazi hiyo ya kuonja ilikuwa ya mjomba Malongo. Wageni walipokwisha kukaa, mjomba alikuwa bado nje anabishana na vijana wa bodaboda waliokuwa wameegesha pikipiki kwenye maharage, na mama yangu alipoona wazee wamekaa midomo mikavu, aliingia na jagi mwenyewe akaanza kumimina.

Mzee mmoja akamtania, "Mama, mbona huonji, au kuna nini humo?" Mama akajibu, "Mzee, mimi nimeokoka, mkinionjesha mchungaji atanitenga." Watu wakacheka. Marehemu akanyoosha mkono, akasema, "Leta hapa, mimi nimekula kwa watu wengi na bado nipo," akanywa, na kabla kikombe hakijafika nusu alishika kifua, akateleza kutoka kwenye kiti hadi chini.

Alipelekwa hospitali Biharamulo akiwa hajitambui, huko wakakuta moyo unakwenda mbio kupita kiasi na bila mpangilio, wakautuliza kwa dawa, na baada ya kupata nafuu akapewa rufaa ya kwenda Mwanza, akasindikizwa na Ndizeye. Huku nyuma, posa ilivunjwa siku ile ile. Wifi Jovina alikuja kwa mama yangu akamwambia, "Mama, tulikuja kuomba binti, wewe umetupa sumu." Mama alikaa chini pale pale penye jagi. Miezi iliyofuata maharage yake yalikuwa yanakwenda gulioni na kurudi yalivyo, watu walimsalimia wakiwa upande wa pili wa barabara, na kanisani kwake nako aliulizwa kwa nini alipikisha pombe. Nilikuwa naishi naye, kwa hiyo naandika nilichokiona.

Kule Mwanza marehemu alipimwa moyo kwa kile kipimo kinachotumia mawimbi ya sauti, na daktari, ambaye ni mama kijana mwenye subira, alimgeuzia kioo cha mashine ili aone mwenyewe. Akamwonyesha ukuta wa moyo unavyocheza, na mahali pamoja ambapo ukuta ni mwembamba, unang'aa mweupe, na hauchezi. Marehemu akauliza kama hapo ndipo alipoumizwa siku ya posa. Daktari akamwambia, "Hapana, Baba. Siku ile moyo ulipoteza mpangilio kwa sababu ya kovu hili, lakini kovu lenyewe ni la zamani. Hili halitengenezwi kwa siku chache, linachukua wiki nyingi mpaka kukomaa hivi. Hukuwahi kuumwa kifua mwaka huu?" Ndipo marehemu alipokumbuka maharage ya Murukulazo.

Ndizeye alikuwepo, na marehemu mwenyewe alinieleza mara nyingi, kwa hiyo nitajaribu kuyasema kama yalivyosemwa. Daktari alieleza kwamba mwezi wa sita mshipa mmoja unaolisha moyo uliziba, na sehemu ya nyama ya moyo ikafa kwa kukosa damu. Alisema moyo hauna misuli peke yake, kati ya seli za misuli zinazodunda kuna seli nyingine ndogo, nyingi, zinazoitwa seli za tishu unganishi, hizo hazidundi, kazi yake ni kusuka nyuzi zinazoishika misuli ikae pamoja. Nyama ya moyo ikifa, hizo ndizo zinazoamka, zinaongezeka, zinakwenda penye jeraha na kusuka nyuzi nyingi mpaka pazibe, na wasingekuwa na seli hizo watu wengi waliopata jeraha la namna hiyo ukuta wa moyo ungewapasukia. Kwa hiyo zilimwokoa. Lakini kinachobaki ni kovu, siyo nyama, linashika ila halidundi, na umeme wa moyo ukifika hapo unayumba, ndiyo maana alianguka. Marehemu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Daktari, mimi nauza nyama, hii naifahamu. Wateja huwa wanairudisha."

Alirudi Runazi mwezi Novemba 2020 na kukuta posa imevunjwa, akasikitika sana. Aliwaita watoto wake akawaeleza alichoonyeshwa, na Bizimana na Ndizeye walikubali, lakini Jovina alimwambia, "Baba, daktari anajua ya hospitali, ya kwetu hayajui." Marehemu hakumgombeza. Alijua kwamba binti yake aliogopa kumpoteza, na hofu yake ilikuwa imeshapata mtu wa kumlaumu.

Siku moja ya gulio, mwezi Januari 2021, Jovina alikuwa amekuja kumsaidia baba yake bucha, kwa sababu marehemu alikuwa amekatazwa kuinua vitu vizito. Bizimana alikuwa anakata paja, kisu kikagoma. Katikati ya mnofu mwekundu palikuwa na kipande cheupe, kigumu, kimeingia ndani kama kidole, mahali ambapo ng'ombe yule aliwahi kuchomwa pembe. Mkaguzi alikuwa amekwisha kuiona na kuipitisha, maana kidonda kilikwisha kupona, na Bizimana alitaka kukitoa na kukitupa, lakini marehemu alimzuia, akalichukua paja akaliweka juu ya gogo mbele ya wateja. Waliokuwepo siku hiyo wengi wao wapo hapa leo.

Akawauliza, "Jamani, huyu ng'ombe alichomwa pembe lini?"

Mama mmoja akasema, "Mzee, hilo la zamani, usitupimie hilo, tukatie kwingine."

"Siyo jana, kabla hajachinjwa?"

"Jana ingekuwa damu. Hiyo nyeupe imeshakomaa, utaichemsha kutwa nzima na kuni zitaisha."

"Kwa hiyo mna hakika haiwezi kuwa ya jana, wala ya juzi."

Mzee mwingine akajibu, "Anastazi, sisi tunakula nyama kila gulio, unatufundisha nini tena?"

Ndipo marehemu alipoweka kisu chini, akasema, "Basi daktari amekuta nyama kama hii ndani ya moyo wangu, siku chache tu baada ya mimi kunywa kikombe cha Mukandayisenga. Nyinyi wenyewe mmesema haiwi ya jana wala ya juzi. Sasa niambieni, kikombe cha mwezi wa kumi kilirudi vipi nyuma kikaniumiza mwezi wa sita nikiwa Murukulazo?"

Mmoja akasema taratibu, "Hapo umetufunga, Mzee." Jovina alikuwa ameshika mfuko wa mteja, akamkabidhi mwenyewe, akatoka nje na kukaa kwenye benchi la baba yake. Sitaki kusema kwamba wote walikubali, kwa sababu wapo walioondoka wakisema ng'ombe ni ng'ombe na mtu ni mtu, lakini gulio lililofuata maharage ya mama yangu yalinunuliwa.

Jumapili moja baada ya misa marehemu alikuja kwetu peke yake, bila mshenga wala mzee wa kumsindikiza, akapiga hodi na kumwambia mama yangu, "Dada, nina njaa." Mama alikataa kumpakulia, alisema, "Shemeji, ukianguka tena hapa, mimi na watoto wangu tutakwenda kuishi wapi?" Marehemu akamjibu kwamba moyo wake unaweza kusimama mahali popote, barabarani, bucha, au kanisani Baba Paroko akihubiri, na kwamba asipokula kwa watu kwa sababu hiyo atakufa kwa njaa kabla ya siku zake. Akala ugali na majani ya mihogo, akaongezewa, akaenda nyumbani akitembea taratibu kupitia katikati ya senta ili aonekane. Jovina alikuja kumwona mama yangu kabla ya Pasaka ya mwaka ule. Walizungumza wenyewe wawili, mimi sikuwepo, na yaliyosemwa ni yao.

Baada ya hapo posa ilirudiwa, mimi na Ndizeye tukafunga ndoa tarehe 10 Julai 2021, na binti yetu wa kwanza, Nice, alizaliwa tarehe 3 Machi 2022. Tangu nilipoingia katika nyumba hii ni mimi niliyekuwa nampa marehemu dawa zake asubuhi na jioni. Nilikuwa naona aibu kuongea naye, na yeye alilijua hilo, kwa hiyo alikuwa anajieleza mwenyewe bila kuulizwa, hii ni ya kupunguza maji mwilini, hii ni ya kuupunguzia moyo mzigo, na hii ni ya kuzituliza zile seli zinazosuka, kwa sababu zina bidii kupita kiasi, zikiachwa zinaendelea kusuka hata mahali palipo pazima, na moyo wote unakuwa mgumu.

Mwezi Juni 2022 alipokwenda kliniki Mwanza alimuuliza daktari yule yule kama kovu linaweza kugeuka tena kuwa nyama. Daktari hakumdanganya, alimwambia kwamba moyo wa mtu mzima hauoti misuli mipya ya kutosha kuziba jeraha kama lile. Ila alimweleza kwamba watafiti wamechunguza aina fulani ya samaki wadogo, na watoto wa panya katika siku zao za mwanzo kabisa, wakaona kwamba moyo wa viumbe hao ukijeruhiwa hurudi kuwa nyama, na kwamba seli zile zile za tishu unganishi, badala ya kuacha kovu la kudumu, zinaisaidia misuli kuota upya. Sasa wanatafuta namna ya kuzifanya za mtu mzima zifanye vivyo hivyo, au hata kuzigeuza ziwe misuli, lakini bado ni kazi ya maabara, haijawa dawa ya kumpa mgonjwa.

Marehemu alirudi akiwa na furaha kana kwamba amepewa dawa yenyewe. Alimpakata Nice pale uani, akamwambia Mama Restuta, "Kumbe kosa langu ni kuchelewa kuumia, ningeumia siku niliyozaliwa ningepona." Mama akamwambia, "Na ungekuwa samaki ningekukaanga zamani." Baada ya hapo kila mwenye redio alikuwa anamwomba amsikilizie kama wale watafiti wamefika wapi. Hakuwa na haraka nao. Alisema kazi ya kusuka haiharakishwi, na kwamba hata dawa hiyo isipomfikia yeye itawafikia wengine.

Aliishi hivyo miaka karibu mitano tangu siku ya posa, akikaa bucha asubuhi na kupumzika mchana. Kuanzia mwezi Februari mwaka huu, 2025, miguu ilianza kuvimba, akawa anachoka hata kwa kutoka ndani hadi uani, na kulala kwa kuegemea mito. Jumapili ya Pentekoste, tarehe 8 Juni, aliomba apelekwe kwa mama yangu, akala huko ugali na maharage, akacheka na mjomba Malongo. Siku iliyofuata alizidiwa pumzi, tukampeleka hospitali Biharamulo, na Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi, Mungu alimchukua, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, mbele ya Mama Restuta na Jovina.

Kwa sababu alikula kwa mama yangu Jumapili na kufariki Jumanne, maneno ya mwaka 2020 yamerudi. Kuanzia jioni ya Jumanne wapo watu waliokuwa wanasema, na baadhi wamesema mbele ya watoto. Wifi Jovina ndiye aliyemuuliza daktari pale wodini, kabla hajaulizwa na mtu, "Daktari, siyo chakula?" Daktari akamjibu kwamba siyo chakula, kwamba lile kovu la miaka mitano lilikuwa limetanuka na kulegea, misuli iliyobaki ilifanya kazi yake na ya ile iliyokufa mpaka ikachoka, maji yakajaa kwenye mapafu, na moyo ukasimama. Jovina aliniagiza niyaandike hayo kama alivyoyasikia, akasema, "Wifi, andika kwamba mimi ndiye niliyeuliza, ili wasiseme umeyatunga kumtetea mama yako."

Kwa hiyo familia ya Mzee Anastazi Habonimana inasema mbele ya Mungu na mbele yenu, marehemu hakuuawa na mtu yeyote. Aliumia Murukulazo mwezi Juni 2020, mwili wake ukafanya ulichoweza kumshona, na mshono huo ulimpa miaka ambayo ndani yake alinipokea mimi kama mkamwana, akawapakata Nice na mdogo wake, na akawauzia nyinyi nyama. Mwenye neno tofauti na hilo, familia inamwomba aje aliseme kwa Jovina, ambaye ni mkubwa wa nyumba hii, asilipeleke kwingine.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Biharamulo na wa Mwanza, na hasa yule daktari mama aliyemgeuzia marehemu kioo ili auone moyo wake mwenyewe. Tunawashukuru Baba Paroko na jumuiya ndogo ndogo kwa sala za kila jioni, na mchungaji na waumini wa kanisa la mama yangu, waliokuja kuimba hapa ingawa si kanisa lao. Tunawashukuru wauza nyama wenzake waliofunga bucha zao leo, majirani walioleta kuni, maji na turubai, na vijana waliochimba kaburi tangu alfajiri. Ndugu wa Murukulazo waliosafiri usiku, asanteni, karibuni nyumbani kwenu.

Limebaki neno moja, na hili si langu, nimeagizwa na Mama Restuta. Mama Mukandayisenga, tangu Jumanne umekaa kule nyuma ya watu, chini ya migomba, na kila ukiitwa unasema pale panakutosha. Mama Restuta anasema panakutosha wewe lakini yeye hapamtoshi. Anakuomba uje ukae naye mkekani, upande wake wa kulia, kabla sanduku halijafungwa, na ukifika kaburini uweke udongo baada yake na kabla ya watoto, kwa sababu marehemu alikuita dada. Ameniambia nisimalizie kusoma mpaka ufike. Wapisheni njia, tafadhali. Jovina, mshike mkono, pale pana kamba za turubai.

Asante, Mama. Kaa.

Baba, mwenye bucha wa Runazi, mume wa Restuta, kazi yako imekubalika, na moyo wako umefika mahali ambapo hauhitaji kudunda tena. Ulale na upumzike kwa amani.